Taya Iliyooteshwa Tumboni

Msikilizaji, tuitazame habari ya taya. Mwaka 2009, madaktari wa Ufini walieleza walivyomrudishia mgonjwa taya ya juu. Walichukua seli shina kwenye mafuta ya mwili wake, wakazitia ndani ya kizimba cha titani na kukipandikiza katika msuli wa tumbo. Baada ya miezi 8, mfupa ulioota humo ulihamishiwa usoni.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Ameloblastoma, uvimbe wa taya unaoonekana sana Afrika, mara nyingi hulazimu taya kukatwa. Kula kunakuwa taabu, kusema taabu.

Kwa upande mwingine, kuhamisha mfupa wa mguu ili kujenga taya upya kumethibitika, ingawa huacha jeraha la pili mguuni. Seli zinadai maabara ghali, na mgonjwa mmoja si ushahidi tosha.

Je, hospitali zetu zianzie wapi?