Kaka Yetu na Meza ya Miraa

 

Mmetuomba tuzungumze juu ya kaka yetu mkubwa, aliyetutoka mwaka 2019. Kwa Kisomali tulimwita Aboowe, kaka mkubwa, lakini kwetu alikuwa baba, maana baba mwenyewe alifariki sisi watatu tukiwa hatujajua hata kukamua. Aboowe ndiye aliyetufundisha. Alikuwa akimjua ng'ombe kwa nyayo zake tu. Wakati wa kiangazi alipeleka mifugo upande wa msitu wa Boni, na akirudi alituletea gundi ya migunga, sisi tunapigania mkoba wake.

Miraa aliianza huko porini. Mchunga akilala, fisi hulala ameshiba. Miraa hufukuza usingizi na njaa, kwa hiyo alitafuna. Halafu ukame wa 2011 ukamaliza ng'ombe karibu wote. Hapakuwa tena na kitu cha kulinda usiku, lakini yeye aliendelea kukesha.

Sasa jamani, wacha tuseme ukweli ambao tuliuficha hata siku ya mazishi. Miraa hiyo aliinunua mezani kwa mama yetu. Mama alikuwa akiuza sokoni hapa Hulugho, na faida ya meza ile ndiyo iliyotulipia karo. Kwa hiyo hatukuja hapa kuwatukana wanaouza. Mama alipokataa kumkopesha, alihamia meza ya jirani, basi.

Ninyi mnalijua jani hili. Linatoka milima ya Nyambene huko Meru, limefungwa kwa majani ya migomba, na nguvu yake hupungua baada ya kama siku mbili, ndiyo sababu magari yake hukimbia vile. Mvua ikifunga barabara, gari halifiki. Siku hizo ndizo tulizoona hali ya Aboowe. Alilala mchana kutwa, akiamka ni matusi, hata kwa watoto wake, kisha anaomba msamaha akilia. Sisi tulisema ana mawazo ya ng'ombe. Mlevi ni mnywa pombe, na Aboowe hakuonja pombe maisha yake yote! Shirika la Afya Duniani liliihesabu miraa kati ya dawa zinazoweza kumtawala mtu tangu 1980, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Lakini Kenya ni zao halali, nasi tuliona lililo halali haliwezi kumfunga mtu.

Mmoja wetu ni mweka hazina wa ayuto. Kitabu kinaonyesha Aboowe alipewa shilingi 6,000 za kununua mbuzi. Mbuzi hakuna aliyewaona. Hakuna aliyeuliza vilevile, kwa sababu kumuuliza mkubwa ni kumvunjia heshima. Deni lile lililipwa na mama, kwa faida ya meza ileile. Fikirini hapo.

Baadaye tuliacha kumpa pesa mkononi, tukawa tunampelekea mkewe unga na sukari. Tulichelewa. Alikuwa amekonda, meno yamekwisha, na ili apate usingizi alimeza vidonge vya kununua dukani. Usiku mmoja alilalamika moyo unamwenda mbio. Asubuhi hakuamka. Hatuwezi kuapa kwamba ni miraa peke yake, maana hakuna daktari aliyempima.

Mama aliiacha meza. Sasa anauza maziwa, na anapata kama nusu ya alichokuwa akipata zamani. Karo ya wajukuu, wakiwemo watoto wa Aboowe, imekuwa taabu. Anayemwambia mama fulani aache kuuza miraa, kwanza amwambie atakula nini.

Kikundi chetu kimekubaliana hivi: mtu anayejulikana kuwa ameshikwa na miraa hanyimwi mkopo, ila watu wawili wa kamati huenda naye sokoni na mbuzi hununuliwa mbele yao. Wanaume kadhaa walikasirika, wakasema wanafanywa watoto. Mmoja ametoka kikundini. Na kwa akina mama wanaotaka kuacha kuuza bado hatuna mtaji wa kutosha. Kitabu tumekuja nacho, ukurasa wa Aboowe umo. Tungependa kusikia vikundi vya upande wenu mnafanyaje.