Baada ya Mbagala, nani alikwenda kukagua?

Kwa kuwa mvua iliwazuia wengi kufika kikao cha ndani cha Jumapili, tunawatumia maneno ya Katibu Mwenezi kama alivyoyasema. Mwenye simu amsomee na jirani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana,

Tarehe 29 Aprili 2009, siku ya Jumatano, ghala la mabomu la jeshi lililipuka hapa kwetu, Kizuiani. Waliokuwapo sina cha kuwasimulia. Vijana mliokuwa bado mnanyonya, jueni tu kwamba watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwamo wanajeshi, na watu walikimbia bila kujua watoto wao wako wapi. Uchunguzi ukafanywa. Tukaambiwa hatua zinachukuliwa.

Tarehe 16 Februari 2011, Jumatano nyingine, usiku, yakalipuka ya Gongo la Mboto. Wakafa tena zaidi ya 20. Maelfu wakahifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Miaka miwili ilikuwa haijatimia.

Wakati ule watu walidai Waziri na Mkuu wa Majeshi wajiuzulu. Mjadala ukaishia hapo, kwenye majina ya watu, na mimi naona tulikosea shabaha. Waziri huja na kuondoka. Nilichotaka kujua ni kitu kingine: katika miezi ile ishirini na kitu, nani asiyekuwa chini ya jeshi alikuwa na kazi ya kwenda maghalani, kufungua daftari na kuuliza, mlisema mtabadilisha utunzaji, haya, kilichobadilika ni kipi? Sisi wa Mbagala hatukuletewa mtu huyo, wala hatukuwekewa ripoti kamili mezani.

Jeshi letu tunalipenda, na lina historia ya kujibadilisha. Tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi pale Colito, ambayo leo ni Lugalo, Kinondoni. Mwalimu akalivunja jeshi lile la urithi wa mkoloni, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Vijana wengi walichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na chama kikaingia makambini kuangalia mwenendo na itikadi. Lilikuwa jicho la nje, ingawa halikuwa huru, maana chama na Serikali vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, siasa ikatolewa jeshini. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa kura anapiga. Jambo jema kabisa, na asitokee mwanachama wetu akaanza kuwaandikisha askari kadi! Lakini jicho lile la chama lilipoondoka, mahali pake hapakuwekwa jicho la raia lenye kazi hiyo moja.

Najua nitajibiwa kwamba Kamati ya Bunge ipo, CAG yupo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo. Ni kweli. Kamati ina mambo mengi na wajumbe wake hubadilika. CAG anafuata fedha. Tume inapokea malalamiko, na Ibara ya 130 inamruhusu Rais kuipa maelekezo akiona maslahi ya umma yanataka hivyo. Hakuna kati yao anayerudi kila baada ya miezi sita kwenye jambo lile lile hadi liishe.

Kanada walijifunza hilo kwa shida. Mwaka 2015 jaji mstaafu Marie Deschamps aliandika ripoti kuhusu unyanyasaji wa kijinsia jeshini mwao. Jeshi likaachiwa lijirekebishe lenyewe. Mwaka 2022 ikabidi jaji mwingine mstaafu, Louise Arbour, aandike upya, mapendekezo 48, kwa ugonjwa ule ule. Safari hii wakateua mwangalizi wa nje, Jocelyne Therrien, afuatilie pendekezo moja moja na taarifa zake zitangazwe. Nao Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2012 ya kuwa na msuluhishi wa malalamiko ya kijeshi. Askari anaweza kumpelekea shauri lake, na raia aliyetendewa vibaya na askari pia.

Kuhusu siri: idadi ya mizinga na mahali ilipo, hizo ni siri, zibaki. Lakini kama mabomu yaliyoisha muda yameteketezwa, na ghala liko umbali gani na shule, adui hanufaiki kwa kujua. Anayenufaika ni mama anayepanga chumba ng'ambo ya uzio. Na askari wa zamu naye, maana Kizuiani alikufa pamoja nasi. (Tukubali pia kwamba sisi wenyewe tumejenga hadi kwenye uzio, na viongozi wa mitaa wakatazama.)

Napendekeza tawi lipeleke hoja kata, ifike wilaya na kwa mbunge wetu: itungwe sheria ya mwangalizi huru wa jeshi, anayeripoti Bungeni, mwenye ruhusa ya kuingia kambini bila kuomba miadi, na taarifa yake ya wazi isomwe kwa Kiswahili. Ya siri aipeleke kwenye Kamati.

Rasimu ya hoja iko kwa Katibu wa Tawi. Walioathirika 2009 wenye nakala za fomu za tathmini wampelekee kabla ya kikao cha kata, ziambatanishwe. Majina yenu hayatawekwa kwenye kundi hili.

Imetolewa na Idara ya Uenezi, Tawi.