Tulijue Jua la Hapa Kabla ya Kuchagua Nyumba

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana na watoto, ndugu mliosafiri kutoka Columbus na Buffalo: tunawasalimu katika siku hii ya kukumbuka uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960.

Mwaka huu tumechagua kusema juu ya nyumba. Kila Januari bili ya gesi ndiyo mazungumzo ya majumbani mwetu, na sasa baadhi yetu tunaanza kununua nyumba.

Kule Uvira na Bukavu, karibu na ikweta, jua la mchana hupita juu ya paa mwaka mzima. Mwezi wa sita huegemea kaskazini kidogo, mwezi wa kumi na mbili kusini kidogo, na mchana una saa kama 12 siku zote. Mwenye kujenga kule hutafuta upenu na baraza, apate kivuli na kinga ya mvua.

Hapa jua lina tabia nyingine. Wiki hii, katikati ya mchana, limepanda nyuzi 75 hivi juu ya Louisville. Mwishoni mwa Desemba litafika nyuzi 28 tu, na kule Buffalo 24, tena upande wa kusini. Mchana wa Buffalo utapungua kutoka saa 15 hadi 9.

Kwa hiyo dirisha la kusini ni rafiki. Wakati wa baridi jua la chini huingia mpaka ndani ya chumba. Wakati wa joto jua la juu huzuiwa na upenu mfupi tu. Dirisha la magharibi hupokea jua kali la jioni ya Julai, na kiyoyozi hakipumziki. La kaskazini, wakati wa baridi, halipati jua kabisa.

Basi kabla ya kutia sahihi, tembeleeni nyumba mchana. Watoto, washikieni wazazi dira ya simu: sebule inatazama wapi? Jengo la jirani linaziba kusini? Mpangaji naye afungue mapazia ya kusini asubuhi za baridi, ayafunge jua linapotua. Julai afunge ya magharibi kuanzia saa nane mchana.

Tusidanganyane: mawingu ya Ziwa Erie hufunika Buffalo siku nyingi za baridi, na joto hutoroka kwenye nyufa na dari tupu. Serikali ya Marekani ina mpango ulioanzishwa 1976, Weatherization Assistance Program, wa kuziba nyufa na kujaza dari bila malipo kwa familia zenye kipato kidogo, hata wapangaji, mwenye nyumba akikubali. Vijana, kaeni na wazazi mjaze fomu hizo.

Pesa isiyoteketea kwa gesi italipia masomo, na nyingine itatumwa nyumbani.

Sikukuu njema ya uhuru!