Shati la Baba Halifi Mara Moja



Leo napenda kuwaeleza habari za shati kuukuu, nguo ambayo katika nyumba nyingi hufanywa tambara la kupangusia meza kabla ya wakati wake. Shati halichakai pote kwa mara moja. Kwanza hulika kola, pale inapokunjika, kwa kuwa ndipo shingo na ndevu zinaposugua kila siku. Mgongo wake, hasa sehemu ichomekwayo ndani ya suruali, huweza kuwa mzima kabisa. Basi mwenye kulitupa shati kwa ajili ya kola hutupa kitambaa kingi kizuri kwa sababu ya kipande kisichozidi upana wa kiganja.

Dawa yake ni kuigeuza kola. Kola nyingi zina sehemu mbili: ukanda unaozunguka shingo, na kola yenyewe iliyochomekwa juu ya ukanda huo. Fumueni mshono mmoja tu, ule unaoziunganisha sehemu hizo mbili. Pale ukanda unaposhikana na shati msipaguse. Tumieni wembe kwa subira, mkikata uzi wala si nguo. Lakini kabla ya kuitoa kola, tieni alama kwa uzi wa rangi nyingine katikati ya kola na katikati ya ukanda, kwani ikikaa upande hata kwa upana wa kidole, shati zima litaonekana limepinda. Palipotoboka patieni kiraka chembamba. Kisha igeuzeni, upande uliolika ukae chini usikoonekana, irudisheni mahali pake, pigeni bandi, ndipo mshone. Mshono ufaao ni ule wa kurudi nyuma: sindano hutokea mbele kidogo, kisha hurudi kuingia pale mshono uliotangulia ulipoishia. Ni wa polepole, lakini uzi ukikatika mahali pamoja, kazi yote haifumuki.

Nanyi akina baba msicheke. Ni kweli kwamba tangu chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vya akina mama vimefundishana kushona. Walakini tazameni barazani mwa maduka, mara ngapi fundi wa cherehani ni mwanamume?

Wapo watakaosema kwamba mitumba imejaa Gikomba na Kongowea, ya nini basi kujisumbua? Shati la mtumba huenda likawa rahisi, lakini nauli ya kulifuata nayo ni fedha. Tena, sare ya shule ya mtoto wako si jambo la kubahatisha katika furushi la mitumba. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare ingali mzigo wa mzazi, na binti ambaye gauni lake limepanda juu ya magoti huona haya kusimama mbele ya wenzake. Kwa hiyo mnaposhonesha gauni la shule, agizeni pindo la sentimita 8 au 10. Mtoto akirefuka, lifumueni na kuliteremsha. Mstari wa kunjo la zamani hautoki kwa sabuni. Uficheni ndani ya mkunjo mwembamba uliozunguka gauni, na watu watadhani ni pambo.

Shati likiisha kabisa, lifanyeni gauni la mtoto mdogo. Lifungeni vifungo, lilazeni mezani, na upande wa kifua uwe mgongo wa gauni. Hivyo mmeepuka kutoboa na kushona matundu ya vifungo, kazi iliyo ngumu kupita zote kwa mkono, na pindo la chini nalo limekwisha kushonwa. Mtoto mwenye kifua cha sentimita 56 akatiwe gauni lenye mzunguko wa sentimita 66, mbali na nafasi ya mishono, apate kupumua na kucheza.

Shingo na makwapa yazungushieni kipande cha kanga kilichokatwa mshazari, kwani nguo iliyokatwa hivyo hunyumbuka na kufuata mviringo. Ila kifueni kwanza peke yake, mara mbili au tatu, hasa kikiwa chekundu, kwa maana kanga mpya huchuja rangi, na shati jeupe halisamehe.