Mzee Apewe Kitoweo Chake

Mazungumzo ya afisa wa lishe na wazee wenye ugonjwa wa sukari pamoja na walezi wao, Mji wa Kale, Mvita

 

Leo tuzungumze kuhusu chakula cha mzee mwenye sukari, hasa kitoweo. Mtu akishapimwa akaambiwa ana sukari, neno analolisikia kila siku nyumbani ni "acha". Acha halua, acha kaimati, acha soda, punguza wali. Ni kweli, na sisi wa kliniki tunayasema hayo. Shida ni kwamba hatusemi vya kutosha ale nini. Basi mzee asubuhi anakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, mchana wali kidogo na mchuzi, usiku uji. Na kwenye sinia, samaki akiwa mmoja, nyanya ndiye wa kwanza kuwasukumia wajukuu minofu na kusema ameshiba. Ni mapenzi, lakini yanamgharimu.

Yanamgharimu misuli. Kila umri unavyosonga, misuli hupungua, na kwa mwenye sukari hupungua haraka zaidi. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu baada ya kula. Ikipungua, sukari inakosa pa kwenda. Na kuna hatari nyingine mnayoijua nyinyi mnaokaa nyumba za ghorofa hapa Mji wa Kale: ngazi. Mzee aliyekonda miguu huanguka, akavunjika nyonga, na wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Ukiona baba yako hawezi kuinuka barazani bila kujisukuma kwa mikono, hiyo ni dalili ya kutajwa kliniki, si uzee tu.

Misuli inajengwa na protini: samaki, mayai, kuku, nyama, maziwa, maharagwe, ndengu, mbaazi. Watalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Tuhesabu pamoja. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa, 8. Kipande cha samaki aliyepikwa, ukubwa wa kiganja bila vidole, gramu 20 na zaidi kidogo. Kikombe cha ndengu zilizopikwa, 14 hivi. Kwa hivyo mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi, samaki mchana, ndengu na maziwa mala usiku, mzee amefika. Zigawe katika milo yote mitatu. Mwili wa mzee hautumii vizuri mlo mmoja mkubwa wa nyama usiku baada ya kutwa nzima ya chai.

Protini pia inasaidia sukari isipande ghafla. Ukila wanga peke yake, tumbo huupitisha haraka na sukari hupanda. Ukianza na samaki na mboga, kisha ukamalizia na wali, tumbo hupitisha chakula polepole na mwili hupata nafasi ya kutoa insulini. Tafiti za watu wenye kisukari zimeonyesha hivyo: chakula ni kile kile, mpangilio tu umebadilika. Kama una mashine ya kupimia nyumbani, jaribu mwenyewe. Pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku mbili tofauti, uone.

Sasa mahamri na mbaazi. Sikuja kuwanyang'anya. Mbaazi ni protini, ingawa zina wanga pia; hamri ni unga, sukari na mafuta. Kwa hivyo bakuli la mbaazi liongezeke, mahamri matatu yawe moja, na tui liwe jepesi, kwa sababu nazi ni mafuta zaidi kuliko protini.

Mchuzi na supu ya mifupa watu huviamini sana kwa mgonjwa. Protini iko kwenye nyama yenyewe. Supu tupu ina kidogo mno. Mzee asiye na meno achambuliwe samaki vizuri, atolewe miiba, apondewe ndengu, apikiwe mayai laini.

Wala si lazima ununue nguru. Ukishuka Marikiti, dagaa, ndengu na maharagwe vinafanya kazi ile ile. Ng'onda na papa mkavu ni wazuri, ila waloweke na umwage maji ya chumvi, maana wengi wenye sukari wana presha pia.

Mambo mawili ya tahadhari, tafadhali msiyasahau.

La kwanza ni figo. Sukari ya miaka mingi huharibu figo, na figo mbovu hazibebi protini nyingi. Kabla ya kuongeza, uliza kliniki kipimo cha figo kinasemaje. Mwenye figo dhaifu huenda akaambiwa apunguze. Anayesafishwa damu kwa mashine anahitaji nyingi zaidi. Usifuate kipimo cha jirani.

La pili ni sukari kushuka. Mzee anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akipunguza wanga ghafla, sukari inaweza kushuka chini ya 4: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Hapo usimpe yai wala nyama. Mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, upime tena. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Ndiyo maana mabadiliko ya chakula na ya dawa yaende pamoja, kwa ushauri wa daktari. Na wanaotaka kufunga Ramadhani wafike kliniki wiki kadhaa kabla.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita majumbani wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari na presha tangu 2023. Wakibisha hodi, wafungulieni, na muwaonyeshe daftari la kliniki.

Kwenu vijana, ombi langu ni moja. Leo sinia likitandikwa, mtengeeni mzee kitoweo chake kabla hamjaanza. Na wewe nyanya, ukitengewa, kile. Wajukuu watapata chao. Wanachokihitaji zaidi ni wewe uweze kushuka ngazi kwa miguu yako.