Nani Atampokea Mtoto wa Mpale?

Msikilizaji, tangazo la Tume ya Vyuo Vikuu kuhusu mawakala wa vyuo vya nje umekwishalisikia. Mzazi anatakiwa amtumie wakala aliyesajiliwa, na mwanafunzi asiondoke bila cheti cha Tume cha kutokuwa na pingamizi. Ni agizo jema, tunaliunga mkono. Ila linaishia mlangoni mwa uwanja wa ndege, na hofu yetu inaanzia hapo hapo. Mtoto akishateremka upande wa pili, nani atampokea?

Tumchukue mtoto wa hapa Mpale, wilayani Korogwe. Amezaliwa milimani, amekulia mahali ambapo mgeni hafiki kijijini bila kuulizwa ametoka wapi na amefikia kwa nani. Anashuka Korogwe, anapanda basi, analala Dar es Salaam kwa shangazi, kisha anapaa. Anatua Wuhan, jiji la watu zaidi ya milioni 10, na sanduku lake mkononi. M-Pesa iliyomo kwenye simu huenda isimnunulie hata maji. WhatsApp haifunguki, kwa kuwa China imeifunga. Wenyeji wanatumia WeChat, na mama yake aliyebaki Mpale hajapata kuisikia. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, nyumbani simu haiiti. Majirani wanaanza kuja kuuliza. Baba anampigia wakala, na wakala hapokei.

Wakati huo sheria za ugenini zinamhesabia muda. China inamtaka mgeni asiyefikia hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24. India inamtaka mwanafunzi aliyekuja kwa zaidi ya siku 180 ajiandikishe ndani ya siku 14. Akichelewa, ameanza masomo akiwa na kosa. Nani alimwambia? Wakala anayajua yote haya, ndiyo kazi yake. Wapo wanaolipwa pande mbili: mzazi anatoa, na chuo kinatoa kwa kila kichwa kilichopelekwa. Alipwe pande mbili, halafu mtoto asipokelewe na upande hata mmoja?

Tusisahau yaliyokwisha kutokea. Tarehe 31 Januari 2016, katika jiji la Bengaluru, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisoma huko alivamiwa na kundi la watu, akapigwa, akavuliwa nguo hadharani, gari alilokuwamo likachomwa moto. Muda mfupi kabla, mwanafunzi wa Kisudani alikuwa amemgonga na kumuua mwanamke wa eneo hilo kwa gari. Binti yetu hakuhusika kwa lolote. Alilipia rangi ya ngozi yake. Ubalozi wetu uko New Delhi, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapo. Miaka minne baadaye, tarehe 23 Januari 2020, Wuhan ilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa Kitanzania walikuwa ndani. Siku kama hizo, mtoto ambaye jina lake halimo kwenye daftari la ubalozi anatafutwa wapi? Jina huandikwa siku za mwanzo. Mtoto ambaye hakupokelewa, nani atamkumbusha kuliandikisha?

Mwalimu Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Mwaka uliofuata, British Council ilikabidhiwa kazi ya kuwapokea wanafunzi waliotoka makoloni na kuwatafutia malazi. Mkoloni, pamoja na yote aliyotutenda, aliona mwanafunzi mgeni lazima apokelewe. Leo tuko huru. Tume yetu inamkagua mtoto anapoondoka, na inakitathmini cheti chake anaporudi. Hapo katikati, siku zile za mwanzo katika jiji asilolijua, tumemwachia wakala.

Tena turudie tulilolisema mara nyingi katika redio hii: maelezo yote yako Dar es Salaam. Maonesho ya elimu ya juu yanafanyika Mnazi Mmoja. Mzazi wa Mpale, wa Bungu, wa Mkata kule Handeni, atakwenda Mnazi Mmoja kwa nauli gani, naye ameshauza mahindi na ng'ombe kwa ajili ya tiketi? Wakala ndiye anayemfuata hadi mlangoni. Tume imfuate pia! Halmashauri za Korogwe na Handeni ziwaite wataalamu waje huku, wakae na wazazi, waulizwe maswali.

Na Tume iongeze sharti moja: wakala asipoonyesha kwa maandishi nani atampokea mwanafunzi, atalala wapi, nani atamfikisha polisi na nani ataujulisha ubalozi, asipewe usajili. Akishampoteza mtoto mmoja, afutwe.

Wazazi wenzetu, msingoje sharti hilo lipitishwe. Kabla hujatoa fedha, uliza nani atampokea. Dai jina, dai namba, piga namba hiyo ukiwa hapa hapa Mpale, usikie sauti ya mtu. Mwekeeni mtoto WeChat mapema kama anakwenda China, na mtu mmoja wa nyumbani awe nayo. Nanyi vijana mliotangulia Guangzhou, Bengaluru na Moscow, mnaosikilizwa na ndugu zenu kila mnapopiga simu nyumbani: mtoto wa Korogwe akitua huko, nendeni mkampokee.