Kabla Hujabonyeza Kuwasilisha

 Leo ni kazi za kozi zinazowasilishwa mtandaoni, na akili mnemba.

Kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, faili laweza kubaki rasimu hadi ubonyeze kuwasilisha, ikiwa mhadhiri amepanga hivyo. Ukishapakia, lifungue uone kama ndilo lenyewe. Hifadhi uthibitisho. Na usingoje saa 5:59 usiku. Umeme na bando havina huruma.

Zito ni hili la pili, akili mnemba. ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, na programu za aina yake hupanga maneno kwa kukisia lipi lifuate lipi. Ndiyo maana zaweza kukutungia kitabu kisichokuwepo, chenye mwandishi, mwaka, hata namba ya ukurasa! Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kunukuu mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mawakili, jamani, si wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Basi kila rejea itafute mwenyewe, uisome. Muulize mhadhiri anaruhusu nini: mmoja hukubali usahihishiwe lugha na akili mnemba, mwingine hataki kabisa. Ukiitumia, eleza ulivyoitumia. Rasimu zako zitunze, kwani programu za kutambua maandishi ya mashine nazo hukosea, na siku ukituhumiwa rasimu hizo ndizo ushahidi wako. Jambo jingine husahaulika: majina na majibu ya watu uliowahoji kwenye utafiti usiyabandike kwenye ChatGPT na programu za aina yake. Hawakukupa ruhusa hiyo.